Mistari ya tepu imetokea vizuri ila paki zinatoka zimelowa, hapo vifaa vimeiva kweli?

nesi_wa_mlimani

Habari zenu wadau wa afya. Naombeni ushauri kabla sijagombana na watu kazini.

Mimi ni nesi kwenye kituo cha afya huku nyanda za juu kusini, sitataja wapi, ila ni juu, simu inasoma mita 2,000 na ushee, asubuhi unaosha vifaa vidole vinakufa ganzi. Tuna otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke, ya kupikia kwenye gesi, ile ya wima kama sufuria kubwa ya presha, ina geji juu na mfuniko wa kukaza kwa vishikizo. Hiyo hiyo moja ndo inapika seti za kuzalishia, za kushonea, za tohara, shashi, kila kitu.

Sasa shida ni kwamba paki, yaani vifaa tulivyofunga kwenye kitambaa, zinatoka zimelowa. Sisemi unyevunyevu, zimelowa yaani ya chini ukikamua kitambaa kinachuruzika. Nikiuliza naambiwa angalia tepu iliyobandikwa nje ya paki, si mistari myeusi imetokea, vimeiva hivyo peleka leba. Mwezi huu kina mama wawili tuliowashona msamba wamerudi nyuzi zimeachia na usaha, na mtoto mmoja wa tohara pia. Inaweza kuwa mambo mengine sikatai, ila kila nikifungua paki imelowa roho inanisuta.

Tunavyofanya ni hivi, tunaweka maji, paki tunazishindilia mpaka juu maana gesi ni ghali hatuwezi kupika mara mbili, tunafunga kila kitu, geji ikifika paundi 15 tunahesabu dakika 20, tunazima, tunafungulia mvuke utoke haraka haraka na paki tunazitoa za moto kwa sababu leba wanasubiri. Mfawidhi anasema ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kosa liko wapi, au mimi ndo nina wasiwasi wa bure?

Mzee_Fursa

Hiyo tepu feki. Nunueni nyingine.

fundi_vifaatiba

Tepu nzima kabisa mkuu, ila watu wanaipa kazi ambayo sio yake. Ile mistari inageuka ikikutana na mvuke wa moto basi. Ni kama mhuri wa getini, unaonesha umeingia ukumbini, haisemi umefaulu mtihani. Halafu imebandikwa nje ya paki, na wewe unachotaka kujua ni katikati ya ile shashi iliyokunjwa mara nane kumefika nini.

Dada nesi nna maswali mawili kabla sijaongea sana. La kwanza, ile valvu ya kutolea hewa mnaifunga lini, mwanzoni kabisa au mnaiacha ipumue kwanza? La pili usicheke, maharage huko kwenu yanaiva kwa muda gani?

nesi_wa_mlimani

Valvu tunafunga mwanzoni, tuliambiwa ikiachwa wazi gesi inaisha bure. Maharage hahaha unayabandika asubuhi unakula jioni, wageni wote wanalalamika. Yanahusianaje?

fundi_vifaatiba

Basi umeshajijibu nusu. Ngoja niandike kwa kirefu nipo kwenye basi hapa safari bado ndefu.

Anza na hewa. Mle ndani ya sufuria kabla hujawasha kumejaa hewa ya kawaida, na hewa ni nzito kuliko mvuke, haitoki kwa hiari yake. Ukifunga valvu mwanzoni unaipika ile hewa pamoja na mvuke, presha inapanda vizuri tu, geji inakuonesha 15 unafurahi, kumbe joto halijafika. Presha ya 15 yenye mvuke mtupu huku pwani inakupa nyuzi joto 121. Ukiacha nusu ya hewa ndani, 15 hiyo hiyo inakupa kama 112. Ukiiacha yote unakaa kwenye 100 huko, yaani umechemsha tu. Na vijidudu vya pepopunda vikijifunga kwenye maganda yao kuchemka hakuwatishi, wanasubiri maji yapoe waendelee na maisha. Geji inapima msukumo, haijui anayesukuma ni nani.

Kwa hiyo washa moto valvu ikiwa wazi, subiri mpaka mvuke utoke kwa nguvu mfululizo, sio ule wa kukohoa kohoa, uache hivyo dakika kama kumi ndo ufunge. Gesi inayoliwa hapo haijaliwa bure.

Sasa maharage. Hayaivi kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajafika 100, kwako yatakuwa kwenye 93 hivi. Kwenye otoklevu shida ni ile ile, maana geji inasoma ile ziada juu ya hewa ya nje tu. Dar hewa ya nje yenyewe inakandamiza kama paundi 14.7, ukijumlisha 15 za geji unapata karibu 30. Kwako hewa ya nje ni kama 11.5, jumlisha 15 unapata 26 na nusu, na mvuke wa hapo una joto kama 117. Kwa hiyo hata ukitoa hewa yote vizuri, 15 ya kwako sio 15 ya Dar. Kanuni tunayotumia ni kuongeza nusu paundi kwa kila mita 300 za mwinuko, kwako inakuja kama 18.

LAKINI usiende kesho ukaipandisha tu. Soma kibati cha mtengenezaji kimeandikwa mwisho ngapi, na valvu ya usalama iwe inafanya kazi. Nimeshakuta mahali wamening'iniza uzito juu ya valvu ya usalama ili presha ipande, nikawaambia wote watoke nje. Kama mashine haifiki 18 kwa usalama basi muda ndo urefushwe, hilo mwite fundi wa halmashauri aje na kipimajoto mlipange pamoja.

Na muda, dakika 20 ni za vifaa vilivyo wazi. Vilivyofungwa kwenye kitambaa ni 30, unahesabu kuanzia presha imefika, sio kuanzia umewasha moto.

Kiprono_254

Hapa fundi umeongea. Mimi ni wa Nyahururu, na sisi tuko juu, clinical officer (tabibu) wetu mgeni kutoka Mombasa alikuwa anashangaa mbona tumebandika karatasi ukutani imeandikwa namba tofauti na ile ya kitabu cha mashine. Alidhani tumekosea akaitoa. Ikarudishwa siku hiyo hiyo na sista mkuu, hakuongeleshwa hadi Ijumaa.

bibi_mkunga

Wanangu hamjambo. Mimi nimestaafu, nimefanya kazi leba miaka thelathini na kitu, miaka ya mwisho nilikuwa nafundisha. Mnaongelea jiko tu, chakula chenyewe kimeoshwa?

Kifaa chenye uchafu hakiivi hata ukipike siku nzima. Damu ikikaukia kwenye bawaba ya mkasi au kwenye meno ya koleo inakuwa ganda, mvuke unapita juu, chini yake mdudu yupo salama kama kuku kwenye yai. Nenda kesho mwanangu, chukua koleo moja kwenye paki iliyokwisha kupikwa, lipanue, pitisha kitambaa cheupe pale kwenye maungio. Kikitoka na rangi ya kutu usikimbilie kusema ni kutu. Nilikuwa nawafanyia hivyo wanafunzi wangu, mmoja alilia.

Vioshwe mapema kabla havijakauka. Kama kazi imewazidi funika na kitambaa kibichi visubiri. Kila chenye bawaba kipanuliwe, kinachofunguka kifunguliwe, brashi laini, hata mswaki mpya unafaa, sabuni ya maji, na usugue mkono ukiwa chini ya maji, ukisugua juu juu matone yanakurukia machoni. Glavu nene zile za usafi, aproni, miwani. Halafu suuza, kausha, kagua, ndo ufunge paki. Paki ya kifaa kibichi itatokaje kavu?

Kamanda_Jiki

Bibi shikamoo. Mbona umeruka hatua ya kwanza? Kabla ya kuosha si unaloweka kwenye jiki asilimia 0.5 dakika kumi. Tumefundishwa hivyo wote na ndoo ipo pale leba imeandikwa.

bibi_mkunga

Marahaba. Na mimi nilifundisha hivyo hivyo, tena kwa fimbo. Jiki ya asilimia 3.5 kipimo kimoja maji vipimo sita, naweza kukuimbia usingizini. Ila mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wa kusafisha vifaa tiba wakasema usiloweke vifaa kwenye dawa kabla ya kuviosha. Klorini iliyomo kwenye jiki inakula chuma, angalia mikasi yenu ilivyo na vidoti vidoti, na kwenye vile vishimo ndo uchafu unajificha. Pia inagandisha damu, na damu yenyewe inaua nguvu ya dawa, kwa hiyo unaloweka kwenye maji ambayo mchana yameshachoka. Baya zaidi mtu akishatoa kwenye jiki anajiona yuko salama anaosha mikono mitupu. Jiki ibaki ya damu iliyomwagika sakafuni.

Kamanda_Jiki

Sawa bibi nimekuelewa ila wakija wakaguzi wakakuta hakuna ndoo ya jiki pale nitawaambia nilisoma kwenye mtandao? Wengine bado wana karatasi ya zamani ya kutiki.

bibi_mkunga

Hapo umesema kweli, na sina dawa yake. Ongeeni na msimamizi wa wilaya mwongozo mnaotumia ni wa mwaka gani, mpate jibu kwa maandishi. Ndoo usiitoe kimya kimya.

enfirmiye_butembo

Jambo bandugu, miye ni enfirmiye (nesi) huku Butembo, Kongo. Sisi otoklevu yetu inapika na makala (makaa), na moto wa makala haukai sawa, presha inapanda, inashuka. Kama imeshuka chini ya namba, tunaanza kuhesabu dakika tena toka zero, hatuendeleze pale tulifika. Batu banachoka juu ya hiyo lakini njo sheria.

Ku Kongo tulijifunza vibaya. Mwaka 1976 kule Yambuku, ku hopitali ya misioni, kila asubui walikuwa wanatoa sirinji na sindano tano tu kwa bagonjwa ba siku muzima, wanazisukusa mu maji ya moto kisha wanadunga mwingine. Ebola ikapita mule mule. Batu 318 baligonjwa, 280 bakafa, na ku bafanyakazi 17 ba ile hopitali 11 bakafa, ikafungwa. Leo sirinji ni ya mara moja, tunashukuru, lakini koleo na mkasi vinarudi kila siku ku mgonjwa mwingine.

nesi_wa_mlimani

Nimesoma zote, mikono inatetemeka. Nimekwenda kufanya ile ya kitambaa cheupe ya bibi. Makoleo sita, manne yametoka na alama ya kahawia. Picha nimempelekea mfawidhi hajajibu ila ameiona, tiki za bluu zipo.

Sasa kuhusu kulowa, hilo mbona hamjaniambia vizuri? Ina maana ikikaukia kabatini inakuwa sawa?

fundi_vifaatiba

Hapana, iliyotoka imelowa ihesabu haijapikwa, irudi. Kitambaa kilicholowa kinanyonya, kile cha nje kikigusa meza au mkono wako, wadudu wanafuata maji mpaka ndani kama mafuta kwenye utambi wa koroboi. Kukaukia kabatini kunaficha ushahidi tu.

Zinalowa kwa sababu mnazishindilia, mvuke haupiti kati yake, halafu mnaufungulia ghafla na kutoa paki za moto kwenye chumba cha baridi kama chenu, mvuke uliobaki kwenye kitambaa unageuka maji hapo hapo. Panga kwa kusimamisha kama vitabu kwenye shelfu, kiganja kipite kati ya paki na paki. Kama mna dramu za chuma, vitundu viwe wazi wakati wa kupika, vifungwe ukitoa. Muda ukiisha zima moto, acha presha ishuke yenyewe mpaka sifuri, achamisha mfuniko kidogo tu, acha paki mle mle nusu saa zijikaushe kwa joto lake. Ukitoa usiweke juu ya meza ya bati au ya marumaru, tandika kitambaa kikavu kwanza. Na wasizishike shike zikiwa za moto.

Angalia na mpira wa mfuniko kama umepasuka. Tafuta pia vile viashiria vya kuweka ndani ya paki vinavyosoma joto na muda na mvuke kwa pamoja, vipo. Vile vya vijidudu hai ndo kipimo chenyewe hasa, unapika vijidudu vigumu kufa halafu unaviotesha uone kama wamebaki, ila kwa kituo chenu labda muombe hospitali ya wilaya.

Na ule usaha usiuweke wote kwenye otoklevu, inawezekana ni mikono, inawezekana ni nyuzi, inawezekana ni maji ya kujisafishia nyumbani. Andikeni daftari, paki ipi ilipikwa tarehe ngapi, nani alipika, ilitumika kwa nani. Bila daftari mtabishana mpaka mwakani.

kinyozi_mwenye_swali

Samahani naingilia, mimi nina saluni, nina kile kisanduku cha taa ya bluu naweka mashine na nyembe, kinatosha?

fundi_vifaatiba

Hakitoshi. Ile taa inagusa pale inapomulika tu, chini ya meno ya mashine na upande wa pili hakuna kitu. Kinafaa kuhifadhia kifaa kilichokwisha safishwa. Wembe ni wa mteja mmoja, utupe. Mashine toa meno, piga brashi nywele zote zitoke, futa kwa spiriti iache ikauke yenyewe. Homa ya ini B inakaa juu ya kifaa kikavu siku saba na zaidi, wewe unanyoa watu wangapi kwa siku saba?

kinyozi_mwenye_swali

Duh. Wengi.

Daktari_Meno_Pwani

Nyongeza kidogo kwa walioko pwani, sisi shida yetu ni maji. Kisima chetu cha chumvi, tulitumia maji hayo kwenye otoklevu miezi michache, chini pakawa na ukoko mweupe kama wa birika la chai na vifaa vikaanza madoa. Siku hizi tunaweka yaliyochujwa chumvi, yakikosekana ya mvua yaliyokingwa vizuri. Huko milimani mna bahati.

nesi_wa_mlimani

Wadau nimerudi, siku kumi zimepita. Mfawidhi mwanzoni alinuna, akasema nimeanika kituo mtandaoni, nikamwambia sijataja jina. Ila kilichombadilisha ni kitambaa, nilimpa koleo akapitisha mwenyewe. Siku ya pili akapiga simu halmashauri.

Fundi amekuja, kibati kinaruhusu na valvu ya usalama ni nzima, tumepima kwa kipimajoto, tunapika kwa 18, dakika 30, hewa tunaitoa kwanza. Mpira wa mfuniko una ufa, mpya ameahidi Jumanne. Daftari limeanza. Gesi imeongezeka kweli, sasa tunapika mara mbili kwa siku na mhasibu ananiangalia vibaya. Yule mama mmoja ameshapona, wa pili bado anakuja kusafishwa kidonda, mtoto anaendelea vizuri.

Paki zinatoka kavu kabisa, kasoro ile moja ya chini, kila siku ni ile ile ya chini inalowa nusu. Nimepanga kama vitabu, nimeacha nafasi, sijui nini tena.

fundi_vifaatiba

Hongera sana. Hiyo ya chini inakaa juu ya nini? Panatakiwa pawe na kibao cha chuma chenye matundu na miguu mifupi, maji yanakaa chini yake na paki juu yake, zisigusane.

nesi_wa_mlimani

Ngoja niulize.

nesi_wa_mlimani

Kipo. Kipo chumba cha wauguzi miaka yote, ndo tunategeshea sufuria ya chai.